Breki ya Mbele Si Adui Yako



Katika ukurasa wa afya umezoea kusoma habari za choo, chandarua, maji ya kuchemsha na uji wa mtoto. Leo nataka kusema juu ya breki ya pikipiki. Usigeuze ukurasa. Ukifika mwisho utaona kwa nini habari hii ni ya afya.

Mimi ni tabibu msaidizi. Nina cheti, sina digrii. Nafanya kazi katika zahanati ya kijiji huko Rufiji. Wanakijiji huniita daktari, nami nimechoka kuwasahihisha. Kazi yangu ya kila siku ni malaria, kuhara, kikohozi, kupima wajawazito na kufunga vidonda. Nilipokuwa mtoto mdogo, vidonda vya kijijini kwetu vilitokana na panga, jembe na shoka. Sasa naona vidonda vya namna nyingine. Goti lililochunika mpaka nyama. Kiwiko kilichojaa kokoto. Mfupa wa mguu uliovunjika chini ya goti. Vingi vya vidonda hivyo huletwa na pikipiki, na mara nyingine aliyeumia huletwa juu ya pikipiki nyingine.

Siisemi vibaya pikipiki. Ndiyo gari letu. Mama akishikwa na uchungu usiku, pikipiki ndiyo inayomfikisha kituo cha afya. Chanjo zangu hufika kwa pikipiki. Mpunga hupelekwa mashineni kwa pikipiki. Kwa sababu tunaitegemea hivyo, ni lazima tujue namna inavyosimama.

Sasa nitasema jambo linaloniumiza. Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, ni dereva wa bodaboda hapo kijijini. Msimu uliopita wa mavuno alimgonga mwanafunzi wa shule ya msingi. Ilikuwa mchana, barabara kavu, hakuwa amelewa. Mtoto alitoka nyuma ya gari lililokuwa likipakia magunia, akakimbia kuvuka. Mdogo wangu alikanyaga breki ya mguu, yaani breki ya nyuma. Tairi la nyuma likajifunga, likaburuza, pikipiki ikaenda upande upande, na bado haikusimama. Ikampiga mtoto mguuni.

Nilimfunga mtoto yule mwenyewe. Niliweka vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande wa mguu, nikazungushia khanga. Mbao zilipita goti juu na kifundo cha mguu chini. Tukamlaza juu ya godoro nyuma ya lile gari la magunia mpaka hospitali ya wilaya. Mfupa ulikuwa umevunjika, lakini ngozi haikupasuka. Alikaa na plasta wiki nyingi. Alikosa mitihani. Nyumbani kwetu tuliuza mbuzi na magunia ya mpunga ili kuwasaidia wazazi wake, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu haki ilikuwa yao.

Jioni ya siku ile nilikwenda kuiangalia pikipiki. Niliubana mkono wa breki ya mbele. Ulirudi mpaka ukagusa mpini wa mafuta, mwepesi kama mkono wa mwanasesere. Waya wa breki ulikuwa umefunguliwa kule chini kwenye gurudumu. Nikamwuliza, "Nani kaufungua huu?" Akajibu, "Mimi mwenyewe, kaka. Wakubwa wa kijiweni wamenifundisha. Breki ya mbele inaua."

Nami nilikuwa nimepanda pikipiki ile mara nyingi. Nilikaa nyuma na sanduku la chanjo mapajani. Hata siku moja sikutazama waya ule.

Basi tuipime hii habari ya kwamba breki ya mbele inaua. Umewahi kupanda daladala. Dereva akikanyaga breki ghafla, abiria wote huinama wapi? Huinama mbele. Hakuna anayeinama nyuma. Pikipiki nayo ni hivyo. Ukishika breki, uzito wa pikipiki, wako, na wa abiria wako husogea mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini, likashika ardhi kwa nguvu. Gurudumu la nyuma huwa jepesi. Kitu chepesi hakishiki ardhi, huteleza. Kwa hiyo breki yenye kazi kubwa katika kusimama ni ile ya mbele. Ya nyuma ni msaidizi. Ukifungua waya wa mbele umemfukuza fundi na kumwachia kibarua nyumba nzima.

Tufanye hesabu kidogo. Pikipiki inayokwenda kilometa 40 kwa saa hukata mita 11 hivi kila sekunde. Tangu jicho lione hatari mpaka mkono na mguu vishike breki, sekunde moja hupita. Mita 11 zimekwisha kabla breki haijaanza kazi. Baada ya hapo, kwenye lami kavu, breki ya nyuma peke yake itahitaji mita 18 hivi. Breki zote mbili zikitumika vizuri zitahitaji mita 9 hivi. Jumla ni mita 29 kwa yule aliyefungua waya, na mita 20 kwa yule mwenye breki zote. Tofauti ni mita 9. Hizo ni zaidi ya upana wa lami ya magari mawili kupishana. Nilizipima kwa hatua mahali alipogongwa yule mtoto. Sitaandika nilichokiona, maana mdogo wangu naye husoma gazeti hili.

Hata hivyo wazee wa kijiweni hawakusema uongo mtupu. Breki ya mbele huangusha watu kweli, hasa kwetu kwenye mchanga. Ukiibana kwa pupa juu ya mchanga, tope au majani mabichi, gurudumu la mbele hujifunga na unakwenda chini. Ukiibana huku umekata kona, ni hivyo hivyo. Lakini dawa yake ni kujifunza kuishika. Punguza mwendo kabla ya kufika mchangani. Nyoosha usukani. Halafu bana kidogo kidogo, kama unavyokamua tui. Hakuna mpishi anayelikamua chicha kwa mkupuo mmoja. Huanza taratibu, kisha huongeza nguvu. Vidole viwili au vitatu vinatosha.

Baada ya mambo yale kutulia, mdogo wangu alikuja na wazo. Alisema anataka kubadili breki ya mbele kabisa. Pikipiki yake ina breki ya ngoma, ile ambayo mafundi huiita dramu. Yeye alitaka ya diski, kama alizoziona kwenye zile pikipiki ndogo za kasi wanazoendesha vijana wa Dar es Salaam, zile zilizoinama mbele na kupakwa rangi ya moto. Alisema, "Kaka, diski inakamata. Ukigusa tu imesimama." Nilimwambia twende wote. Nilikuwa na siku mbili za mapumziko, na nilitaka kuona fedha zetu zinakwenda wapi.

Tulishuka Mbagala Rangi Tatu, tukaunga gari mpaka Kariakoo. Wewe ambaye hujafika, Kariakoo si soko peke yake. Lile jengo kubwa la soko, lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ndiyo kitovu. Liliungua moto mwezi Julai mwaka 2021. Lakini kulizunguka ni mitaa mingi, na kila mtaa una bidhaa zake: vitambaa huku, vyombo kule, mbegu na dawa za mimea pengine. Jina lenyewe limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, walioitwa Carrier Corps kwa Kiingereza. Wengi wao walichukuliwa kwa lazima vijijini, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Nilipokuwa nimesimama pale na mkoba wangu nilikumbuka hilo, ila mdogo wangu alikuwa akinivuta mkono.

Vipuri vya pikipiki tulivitafuta upande wa Msimbazi na Gerezani. Ukiingia huko kama una macho ya shamba, kama yangu, kichwa kinazunguka. Mabasi ya mwendokasi yanapita katika njia yao. Mikokoteni inapita. Wachuuzi wamepanga bidhaa chini. Na bodaboda wanapenya kila mahali, wengine kwa mguu mmoja chini, wakisimamisha pikipiki kwa soli ya kiatu. Nilihesabu wachache tu waliokuwa na vidole juu ya breki ya mkono. Katikati ya mji kama ule, mtu anaweza kutokea mbele yako kutoka pande zote nne.

Duka la kwanza muuzaji alituonyesha diski inayong'aa kama sahani ya harusi. Bei yake ilikuwa nafuu. Mdogo wangu akameremeta. Nikauliza, "Bwana, hii tukiifunga inatosha?" Muuzaji akacheka. Akaanza kutoa kitu kimoja baada ya kingine na kukiweka juu ya meza. Kwanza kitovu cha gurudumu, maana kile cha ngoma hakina mahali pa kufungia diski. Kisha mguu wa shokapu ya mbele wenye masikio ya kushikia kile chuma kinachobana diski. Kisha chuma chenyewe na pedi zake mbili. Kisha mpira wa kupitisha mafuta ya breki. Kisha mkono mpya wenye kikopo chake cha mafuta juu ya usukani. Kisha mafuta yenyewe. Meza ilijaa. Ile bei nafuu ilikuwa ya sahani peke yake.

Hapo nilielewa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kubadili ngoma kuwa diski ni kubadili upande wote wa mbele wa pikipiki. Baadhi ya vijana hununua nusu ya vitu hivyo, na nusu nyingine fundi huichomelea mtaani. Sikio la kushikia breki linachomelewa kwa moto juu ya shokapu nyembamba. Siku moja, mwendo mkali, sikio linakatika, na kile chuma kinaingia ndani ya gurudumu. Ndugu, bora ngoma nzima kuliko diski ya viraka.

Muuzaji wa pili alikuwa na pedi na breki shuu za aina mbili zilizofanana sura. Moja bei ya juu, nyingine nusu yake. Tukauliza tofauti. Alijibu bila haya, "Hii halisi, ile kopi." Nilimshukuru kwa ukweli wake, maana si wote husema. Lakini mtu wa kijijini atajuaje? Angalia kama boksi lina jina la mtengenezaji na namba ya kipuri. Angalia kama ule ukoko unaosugua umeshikana vizuri na chuma chake, hauna ufa, haumeguki ukiukwaruza kwa ukucha. Dai risiti. Muuzaji anayekataa kuandika risiti amekwisha kukujibu.

Tulikuwa tumekaribia kukata tamaa tulipofika kwa fundi mmoja mtu mzima, kwenye uchochoro, chini ya turubai. Mdogo wangu alimwamkia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, baba. Mmekwama nini?" Tukamweleza. Tulikuwa tumekuja na gurudumu la mbele lenyewe, limefungwa ndani ya kiroba. Fundi hakuuliza habari za diski. Alifungua ngoma.

Kwa faida ya asiyejua, nieleze. Ndani ya ngoma kuna breki shuu mbili, zimepinda kama mwezi mchanga. Ukibana mkono, waya huvuta kijiti, kijiti hugeuza chuma kidogo, na chuma hicho huzipanua zile shuu mpaka zisugue ukuta wa ndani wa ngoma. Hapo gurudumu hupunguza mwendo.

Yaliyokuwamo ndani yalitutia aibu. Vumbi lilijaa kama majivu ya jikoni. Shuu moja ilikuwa imelowa grisi iliyovuja kutoka kwenye beringi. Nyingine ilikuwa ngumu na laini juu kama kioo. Ukoko wake ulikuwa umebaki mwembamba mno. Fundi akasema, "Ukoko ukibaki milimita mbili, tupa. Huu hata hiyo haufiki. Na ungeufunga waya leo, breki hii isingemshika kuku." Kisha akamtazama mdogo wangu. "Mwanangu, hujawahi kuwa na breki ya mbele. Umeikataa kabla hujaionja."

Halafu fundi akainama ili alipulize lile vumbi kwa mdomo. Nikamshika bega. Nilimwambia, "Mzee, samahani, usilipulize." Breki shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na huwezi kujua kwa macho kipuri cha bei ya chini kina nini. Nyuzi za asbesto ni ndogo sana. Zikiingia mapafuni hazitoki. Huleta makovu ya mapafu na saratani, na ugonjwa huonekana baada ya miaka mingi, wakati mtu amekwisha kusahau alivuta nini. Kwa hiyo vumbi la breki lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji, kitambaa kikunjwe na kutupwa ndani ya mfuko. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Watoto wakae mbali.

Fundi alicheka. "Daktari, vumbi hili nimelila miaka ishirini." Nikamwuliza kama anakohoa. Alinyamaza, akachukua kitambaa, akakilowesha.

Alifuta, akasugua ukuta wa ngoma kwa msasa, akabadili beringi na mpira wake wa kuzuia grisi. Tukanunua breki shuu halisi na waya mpya. Akapaka grisi kidogo sana kwenye kile chuma kinachogeuka, na kidogo zaidi ndani ya waya, akatuonya isifike kwenye shuu. Kazi yote, pamoja na vipuri, haikufika hesabu ya siku mbili ambayo mdogo wangu humpelekea tajiri wa pikipiki. Ile meza ya diski ingekula hesabu ya wiki nyingi.

Sitaki nieleweke kwamba diski ni mbaya. Diski ni breki bora. Iko wazi, kwa hiyo upepo huipoza, na ukipita kwenye dimbwi hukauka upesi. Ngoma ikiingia maji hulegea, na mpaka ikauke lazima uende polepole huku umeigusa breki kidogo. Kampuni ya Honda ilianza kuuza pikipiki yake ya CB750 yenye diski mbele mwaka 1969, na tangu hapo pikipiki za kasi zimefuata njia hiyo. Anayeendesha lami ya mji kutwa nzima na abiria mgongoni, akinunua pikipiki mpya, achague yenye diski ya kiwandani kama fedha zinaruhusu. Zipo, hata katika hizi za biashara.

Mwenye diski naye ana kazi zake. Pedi zikibaki milimita moja, badilisha. Mafuta ya breki ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Usitie mafuta ya injini wala mafuta ya taa. Huharibu mipira, na breki hufa bila kuaga. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo funga chupa vizuri, na ubadilishe yaliyo ndani kila baada ya miaka miwili. Mkono ukiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani, usiondoke kijiweni.

Na jambo hili ni la ukurasa wa afya hasa: mafuta ya breki ni sumu. Usiyaweke kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi. Akiyanywa, usimtapishe. Mlete zahanati mara moja, na chupa uje nayo.

Jambo jingine ambalo mdogo wangu hakulifikiria ni tairi. Breki husimamisha gurudumu, lakini kinachosimamisha pikipiki ni tairi linaposhika ardhi. Tairi lake la mbele lilikuwa kipara. Ukiweka breki kali juu ya tairi kipara, unanunua njia mpya ya kuanguka. Tulibadili tairi kwanza, na fedha zilizokuwa zimebaki ziliishia hapo. Kwa nauli ya kurudi nilitoa mfukoni.

Sasa nije kwenye maoni yangu, ambayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Waendeshaji wengi wa bodaboda si wenye pikipiki. Mwenye pikipiki, yule tunayemwita tajiri, hupokea hesabu kila siku. Au wamefunga mkataba, kijana alipe mpaka pikipiki iwe yake. Mara nyingi matengenezo humwangukia kijana. Breki shuu zikiisha, kijana huona mambo mawili: fedha ya vipuri na hesabu ya jioni. Vipuri havimpigii simu, tajiri humpigia. Kwa hiyo breki husubiri. Nimewasikia watu wakisema vijana wa bodaboda ni wakaidi. Wapo wakaidi, ninaishi na mmoja. Lakini ukaidi mwingine umetengenezwa na mkataba.

Mimi nasema breki, tairi na taa viwe juu ya mwenye chombo, na viandikwe ndani ya mkataba. Petroli na oili alipe kijana, sawa. Mfuga ng'ombe hamwambii mchungaji anunue dawa ya kuogeshea kwa fedha yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kupeleka chombo kibovu barabarani. Lakini trafiki hafiki kijijini kwetu kila siku, na hata akifika huangalia kofia ngumu na leseni kwanza. Ngoma imefungwa, haonekani anayeibeba mbovu.

Tena nina neno kwa wanaotuletea pikipiki. Nyingi za pikipiki zetu za biashara ni za makampuni ya India. Huko India serikali iliamuru kwamba kuanzia Aprili 2019 kila pikipiki mpya inayouzwa iwe na msaada wa breki. Zile zenye injini inayozidi sisi 125 ziwe na kifaa cha kuzuia gurudumu lisijifunge. Ndogo zaidi ziwe angalau na breki zilizounganishwa, ambapo ukishika moja, ya pili nayo hufanya kazi. Kwa pikipiki ya ngoma, kuunganisha huko kunawezekana kwa waya na chuma tu, bila umeme. Sisi huku bado tunauziwa nyingi ambazo hazina. Mfupa wa mtoto wa Rufiji hauna ugumu kuliko mfupa wa mtoto wa India. Jambo hili wabunge wetu wanaweza kuliuliza.

Tuliporudi nyumbani, tulimaliza kufunga gurudumu jioni. Kesho yake nilimpeleka mdogo wangu kwenye uwanja wa mpira kabla ya jua kali. Tulichora mstari kwa majivu. Alipita kwa mwendo wa kilometa 20, kisha 30, akishika breki kwenye mstari: kwanza ya nyuma peke yake, kisha zote mbili. Niliweka jiwe kila aliposimama. Mara ya kwanza na breki ya mbele aliogopa, akaibana kama mtu anayegusa ndevu za simba. Mara ya tano mawe yalianza kusogea karibu na mstari. Mara ya kumi alivua kofia ngumu, akatazama umbali kati ya mawe ya kwanza na ya mwisho, akakaa chini kwenye nyasi. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Kaka, angekuwa hajaguswa."

Shuu mpya haziwi kali siku ya kwanza. Zinahitaji kusuguana na ngoma kwa safari za taratibu kwanza, kwa hiyo usizijaribu kwa mwendo mkubwa zikitoka dukani. Baada ya hapo waya huvutika kidogo. Kaza ile nati ya kurekebisha mpaka mkono uwe na ulegevu mdogo tu kabla ya kushika. Gurudumu likiinuliwa lizunguke bila kukwama.

Yule mtoto anatembea sasa. Anachechemea kidogo jioni akichoka. Hupita mbele ya zahanati akienda shule, na mdogo wangu akiwa na nafasi humpeleka bila malipo. Mama yake alikataa kwa majuma mengi. Mwezi uliopita alikuja kijiweni, akainama, akaubana mwenyewe ule mkono wa breki, akautazama waya mpaka chini. Kisha akampakia mwanawe.

Kijiwe chetu kina pikipiki kumi na nne. Tumepatana Jumapili ijayo, baada ya watu kutoka kanisani, tuzifungue ngoma zote chini ya mwembe wa zahanati. Matajiri watatu wamekubali kulipia shuu. Wengine wanasema watakuja kuona kwanza. Mimi nitaleta ndoo ya maji, vitambaa na mifuko ya taka. Kila dereva aje na msasa.